Namna ya Kuwakumbuka Waliotutangulia

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, mwaka jana niliitwa Ngulyati. Wengi wenu mnaosoma kurasa hizi Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu huenda hamjapata kufika huko. Ngulyati imo wilayani Bariadi, katika mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikiwa imemegwa kutoka Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na Waislamu wa huko ni wachache. Mtu wa pwani akitaka kwenda hupitia Mwanza, akashika njia ya Lamadi mpaka Bariadi, na hapo huulizia gari.

Huko alihamia rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo udogoni. Alikwenda angali kijana, kufuata biashara ya pamba, akaoa, akafungua duka, na kila jioni akiwasomesha watoto Kurani barazani pake. Hakurudi pwani ila kwa kuja kuzika wazee wake. Mwaka jana Mwenyezi Mungu alimwita. Siku ya kumi baada ya mazishi, mwanawe mkubwa aliyeko Dar es Salaam alinipigia simu akasema: "Shikamoo, Sheikh. Sisi watoto tumekubaliana tumfanyie baba shughuli ya peke yake, isiyofanana na arobaini za watu wengine. Twataka watu wayafurahie maisha yake, wasilie tu. Nawe tunakuomba uje uzungumze."

Nikamwuliza wamepanga nini. Akanihesabia: mahema mawili, vipaza sauti, fulana zenye picha ya marehemu, mshereheshaji wa kutoka Mwanza, mpiga picha za video, na ng'ombe watatu.

"Na habari zake, mwanangu, atazisema nani?"

Akanyamaza kidogo. "Tulidhani wewe, Sheikh."

Nami, ndugu msomaji, habari za mtu yule nilizokuwa nazo ni za chuoni, alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Miaka yake arobaini ya Ngulyati siijui.

Sikumkemea kijana yule. Mtoto kutaka baba yake akumbukwe kwa namna iliyo yake mwenyewe si upuuzi, wala si jambo lililozuliwa jana. Lina asili katika nyumba ya Mtume wetu (S.A.W.). Lakini kila jambo lina njia yake, na njia hii wazee wetu walikwisha kuipita. Basi natuitazame katika tarehe, kisha nitakurejesha Ngulyati nikueleze yaliyotokea.

KONDOO WA BIBI KHADIJA

Bibi Khadija (R.A.) alifariki Makka miaka mitatu hivi kabla ya Hijra, nayo ni kiasi cha mwaka 619. Alikuwa mke wa Mtume kwa muda wa robo karne, na wa kwanza kumwamini. Mtume (S.A.W.) alihama Makka, akajenga umma Madina, akapigana vita na kufanya sulhu, lakini hakumsahau. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, naye akikiri wivu wake mwenyewe, kwamba Mtume alikuwa akichinja kondoo, akamkata vipande, kisha akavipeleka kwa wanawake waliokuwa rafiki zake Khadija. Na siku moja Hala, nduguye Khadija, alibisha hodi, na sauti yake ikafanana na ya marehemu. Mtume akaguswa moyo kwa kumkumbuka.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Nyama ile haikwenda kwa wakubwa wa mji, wala kwa kila mpita njia. Ilikwenda kwa watu aliowapenda Khadija. Ukumbusho ule ulikuwa wake yeye tu, haukuweza kuwa wa mtu mwingine, na uliigharimu nyumba kondoo mmoja.

Na sahaba nao walifuata mwendo huo. Saad bin Ubada alifiwa na mama yake naye hayupo. Aliporudi alimwuliza Mtume kama sadaka itamfaa mama yake, akaambiwa itamfaa. Akaitoa bustani yake iliyoitwa Mikhraf kuwa sadaka kwa ajili yake. Abdallah bin Umar naye alikutana na bedui mmoja katika njia ya Makka, akampa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba alichokuwa amekivaa. Wenzake wakastaajabu, kwani bedui huridhika na kidogo. Akawajibu kuwa baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba alimsikia Mtume akifundisha kuwa katika wema mkubwa ni mtu kuwaunga wale waliopendwa na baba yake.

CHAKULA CHA WATU WA JAAFAR

Mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 629, Jaafar bin Abi Talib alikufa shahidi katika vita vya Muta, huko Sham. Habari ilipofika Madina, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Hapa ndipo ulipo msingi wa matanga katika dini yetu: chakula huingia katika nyumba ya msiba, hakitoki. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameandika kuwa watu wa maiti kupika na kuwakusanya watu si jambo la kupendeza.

Tena Mtume alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama maiti ana deni. Aliletewa mtu mmoja mwenye deni la dinari chache asiloacha cha kulilipia, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Basi tazama jinsi deni la dinari chache lilivyosimamisha sala ya Mtume. Itakuwaje kwetu sisi tunaochinja ng'ombe na mwenye kudai amekaa mkekani pamoja na wageni, anaona haya kusema?

PWANI YETU

Sisi watu wa pwani ada zetu za msiba ni za zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliziandika katika kitabu chake cha desturi za Waswahili, kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten. Kukaa matanga, kuondoa tanga, hitma, siku ya arobaini, siku ya mwaka, yote hayo babu zetu waliyajua. Katika miji yetu ya karne ya 19 karamu ilikuwa pia ni kipimo cha heshima: mtu akishindana na mwenziwe kwa wali na nyama, hata katika msiba. Maradhi hayo hayakuanza na mshereheshaji wa Mwanza. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata akafariki 1947, alikuwa miongoni mwa walioshika kalamu kuikemea israfu ya watu katika mila zao. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sikusudii kufungua mlango wa mabishano juu ya hitma na maulidi. Wako wanaozisoma na wako wasiozisoma, na kila upande una wanavyuoni wake. Ninalotaka ulione ni hili: wale ambao pwani yetu imewakumbuka kwa muda mrefu, wamekumbukwa kwa kazi waliyoiacha.

Mtazame Habib Saleh. Alizaliwa Ngazija, akahamia Lamu, akawasomesha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakuona kuwa wanastahili kukaa nao darasani, wakiwamo waliokuwa watumwa na watoto wao. Akausimamisha msikiti wa Riyadha mwanzoni mwa karne ya 20. Amefariki katika miaka ya 1930, na kila Mfungo Sita watu wangali wakimiminika Lamu kwa maulidi aliyoyaasisi na kulizuru kaburi lake. Lakini kumbukumbu yake kubwa ni ile Riyadha yenyewe: mtoto wa maskini anayekaa pale leo akasoma ndiye habari ya Habib Saleh.

Mtazame Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, jina lake Yahya bin Abdallah. Alitekwa utotoni huko Manyema, nchi ya Kongo, akaletwa pwani mtumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa Qadiriya, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa sheikh mkubwa wa mji ule ule aliouingia hana hata nguo yake mwenyewe. Ziara yake imekusanya maelfu ya watu Bagamoyo miaka mingi. Mtu wa namna hii huhitaji mapambo gani? Simulizi ya maisha yake peke yake ni mawaidha.

Na mtazame Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu. Mwaka 1858 au karibu yake, alipokuwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia. Hakungoja watu wamtengenezee ukumbusho baada ya kufa. Aliupanga mwenyewe angali hai: akachagua la kumwachia mtoto wake, akalitia katika maneno. Baada ya miaka kama miwili akafariki. Ngome za Siyu zimekaa kimya, na bado twamtaja bibi yule.

Mwisho mtazame Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982. Pamoja na kazi yake kubwa ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka kamili mwaka 1969, alikaa akawauliza wazee, akazikusanya habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, nani alisoma kwa nani na nani alimsomesha nani, akatoa kitabu mwaka 1972. Lau si kazi ile, wangapi leo tungeyajua majina yao? Kaburi hufutika, na aliyehudhuria hitma naye hufa. Karatasi hubaki.

NILILOLITENDA MIMI

Sasa, ndugu msomaji, nikuambie langu, usije ukadhani nasema kwa usafi wangu.

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kuunda majahazi. Alifariki mwaka 1987. Tulikuwa watoto watatu, wanaume wawili, na dada yetu ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nimekwisha kuitwa maalimu. Tukaogopa watu watasema nini. Basi kabla ya kugawa mirathi tukauza minazi thelathini, tukanunua ng'ombe wawili na mchele, tukaita watu wa vijiji vinne. Walikula, wakaomba dua, wakasifu pilau. Siku ile hakusimama mtu hata mmoja kusema marehemu alifanya nini duniani.

Minazi ile ndani yake mlikuwa na thumuni ya mama yetu aliyekuwa katika eda, na fungu la dada yetu yatima. Wao hawakuulizwa. Mimi niliyekuwa nikiwasomesha watoto wa watu hukumu za mali ya yatima, niliila mali ya yatima kwa mkono wa kulia, nikawakaribisha na wageni.

Mwezi haukwisha akaja mwuza mbao. Baba alikuwa na deni lake, na ushahidi ulikuwapo. Fedha hatuna. Tukauza vyombo vya kazi vya baba: tezo, misumeno na keekee. Vikaenda. Dada nilimlipa haki yake baada ya miaka tisa, naye akanisamehe muda niliochelewa. Mama alisamehe kabla sijaomba. Lakini liko moja lisilolipika. Juzi mjukuu aliniuliza: "Babu, baba yako aliunda majahazi mangapi? Yaliitwaje?" Sikuwa na la kumjibu. Mafundi wenziwe wote wamekufa. Siku ya arobaini yake walikuwapo wazima, wamekaa mkekani mbele yangu, nami nilikuwa jikoni nahesabu sahani.

YALIYOTOKEA NGULYATI

Habari hiyo ndiyo niliyomsimulia mtoto wa rafiki yangu kwa simu. Nikamwambia: "Njooni wiki moja kabla, ninyi wenyewe, msitume fedha tu. Nami nitakuja."

Nilipofika niliona jambo la kunitia haya. Tangu siku ya maziko majirani walikuwa wakileta unga wa mtama, michembe, maziwa ya mgando na kuni mpaka mlangoni kwa mjane. Wengi wao si Waislamu, wala hawajapata kusikia jina la Jaafar bin Abi Talib, lakini sunna yake wanaitenda. Sisi watu wa pwani tunaoijua hadithi ndio tuliokuja tumepanga kuchinja ng'ombe watatu.

Tulianza na madeni. Marehemu aliacha madaftari ya duka. Alikuwa anadaiwa mahali pawili, kwa mwenye mashine ya kusaga na kwa seremala mmoja, nayo yakalipwa siku ile ile. Kisha tukaona aliowadai yeye. Katika mwaka mmoja ambao mvua ilikatika, majina mengi yamepigwa mstari, na pembeni kaandika kwa mkono wake kuwa amesamehe. Wanawe hawakuwa na habari. Mkubwa alilifunika daftari akatoka nje, akakaa peke yake kwa muda.

Halafu wakagawana njia, wakazunguka kuuliza. Mzee mmoja mkulima wa pamba akasema: "Mizani ya Mwalimu haikuwa na maneno mawili. Mtoto akileta pamba, kilo zile zile. Mwenye shamba akija mwenyewe, kilo zile zile." Mwenye kuijua biashara ya pamba atajua uzito wa ushahidi huo. Mama mmoja akasema yeye alijifunza kuandika jina lake katika baraza ile, akikaa nyuma ya watoto. Akaja na mtu mzima mmoja akasema aliacha kusoma kwa sababu ya bakora ya Mwalimu, na moyo wake ulikuwa na kinyongo mpaka siku ile. Wanawe wakamwomba radhi kwa niaba ya baba yao. Akasamehe huku akilia. La huyo halikuandikwa, kwa kuwa tumeamrishwa kuwataja maiti wetu kwa wema. Lakini lilihitaji kusikilizwa, kwani haki ya mja haifutwi na kaburi.

Marehemu alikuwa ameacha pia mtoto wa miaka kumi na minne. Basi wakubwa wakakubaliana kuwa hata shilingi ya mirathi haitatumika; kila mmoja atatoa mfukoni mwake. Mahema wakayaacha, na mshereheshaji na fulana pia. Wakachinja mbuzi wawili, na nyama nyingi wakaigawa vifungu wakawapelekea aliokuwa akiwapenda: mlinzi wa zamani wa ghala la pamba, mama muuza chai aliyekunywa kwake kila alfajiri, mzee kipofu aliyekuwa akimsomea barua. Siku yenyewe tukakaa chini ya mkwaju, tukasoma Kurani, tukaomba dua, kisha watu wakasema, mwenye Kiswahili kwa Kiswahili, mwenye Kisukuma kwa Kisukuma, na yule mtoto wa miaka kumi na minne akiandika. Daftari likajaa. Watu walicheka, na wako waliolia. Fedha zilizobaki zikanunua mabati ya kuiezeka baraza upya na misahafu ya wanafunzi. Kijana mmoja aliyesoma kwa marehemu ndiye anayesomesha hapo sasa.

Aliyetaka shughuli ya peke yake alikuwa ameipata, wala haikuwezekana kufanyiwa mtu mwingine ila baba yake.

LA KUSHIKA

Ndugu msomaji, ukifiwa, na kila mmoja wetu atafiwa, shika haya. La kwanza, tazama madeni kabla ya mialiko. Mali ya maiti ina mpango wake: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi. Sahani ya mgeni haimo katika mpango huo, na fungu la mtoto mdogo hana ruhusa mtu yeyote kulifanyia ukarimu. La pili, zikusanye habari zake wenzake wangali hai na wangali pamoja, uziandike kwa jina, mahali na mwaka. Sema la kweli, usimvishe maiti sifa asizokuwa nazo, na aibu zake zisitiri. La tatu, tafuta aliowapenda, uwaunge. La nne, mtolee sadaka inayofanana naye: kama alikuwa fundi, msaidie kijana apate vyombo vya kazi, kama alikuwa mkulima, panda miti, kama alikuwa mwalimu, nunua vitabu. Na la tano ni kwa wewe uliye hai. Usiwaachie watoto wako kazi ya kukisia. Andika unachodai na unachodaiwa, na andika kidogo ulikotoka na uliowahi kuwa nao.

Mimi nimekwisha kuanza kuandika. Ukurasa wa kwanza niliuweka kwa baba yangu, nikaandika kwamba alikuwa fundi wa majahazi, na kwamba idadi yake mwanawe hakuiuliza.

Ewe Mola wetu, wasamehe waliotutangulia kwa imani, walipie wale tuliowachelewea haki zao, mrehemu mja wako aliyelala Ngulyati mbali na kwao, na ukijaalie kizazi chake kuwa sadaka yake isiyokatika. Amin.

Wabillahi tawfiq.